Kuzunguka Dar es Salaam kwa usafiri wa umma: mwongozo kamili kwa mgeni wa jiji

Mwenyeji wa Dar akikuelekeza kwake hakupi namba ya nyumba. Atakuambia: "Panda gari za Gongo la Mboto, shuka Banana, vuka barabara, kisha nipigie." Jiji hili linaelekezwa kwa barabara na majina ya vituo, na mgeni anayetaka kulizunguka kwa gharama nafuu hana budi kuanzia hapo. Mwongozo huu nimemwandikia aliyeshuka leo kutoka Mwanza na barua ya rufaa mkononi, mfanyabiashara wa Lubumbashi au Bujumbura aliyefuata mzigo Kariakoo, na kijana aliyepata chuo. Wote wanaweza kufika waendako bila kukodi gari kila safari.

Hatua ya kwanza: weka barabara kichwani kabla hujapanda kitu

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi. Usianze na orodha ya daladala. Zipo nyingi na ruti hubadilishwa. Barabara hazihami.

Tandaza mkono wako wa kushoto: kiganja ni katikati ya jiji, yaani Posta na Kariakoo, na vidole ni barabara kuu nne zinazotoka humo.

Ya kwanza ni Barabara ya Morogoro, inayokwenda magharibi: Fire, Jangwani, Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi Luis, Kibamba, hadi Kibaha. Ya pili inaelekea kaskazini. Ikitoka mjini inaitwa Ali Hassan Mwinyi, mbele inakuwa Bagamoyo: Morocco, Makumbusho, Sayansi, Bamaga, Mwenge, Lugalo, Afrikana, Tegeta, Bunju. Ya tatu ni Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road: Kamata, Veta, TAZARA, uwanja wa ndege, Banana, Ukonga, Gongo la Mboto. Ya nne ni Kilwa, ya kusini: Bendera Tatu, Uhasibu, Mtoni kwa Azizi Ali, Zakhem, Mbagala Rangi Tatu.

Kisha kuna barabara za kukatisha, na hizi ndizo zinazomwokoa mgeni. Barabara ya Mandela inatoka upande wa bandari, inapita TAZARA, Buguruni na Tabata, inaingia Ubungo. Hapo inaipokea Sam Nujoma inayopita Mlimani City na kutokea Mwenge. Kwa ndani zaidi ipo Kawawa, kutoka Morocco kupitia Kinondoni na Magomeni hadi Ilala Boma na Karume.

Ukizichora hizi kwenye karatasi utaona kwamba sehemu chache ndizo zinazofunga jiji zima: Ubungo, Mwenge, TAZARA, Buguruni, Morocco na Kariakoo. Hizo ndizo sehemu za kubadilishia gari. Ukipotea popote, tafuta gari la kukurudisha kwenye mojawapo, na safari inaanza upya ukiwa unajua ulipo.

Kutokana na mchoro huo inapatikana kanuni moja ninayomsihi kila mgeni aishike: ukitoka kidole kimoja kwenda kingine, usipitie kiganjani. Mtu wa Gongo la Mboto anayekwenda Mwenge hana sababu ya kuingia Kariakoo kwenye msongamano. Ateremke TAZARA, au apande moja kwa moja gari linalopita Mandela, atokee Ubungo na Mwenge. Wageni wengi hupelekwa Kariakoo kwanza kwa kuwa "gari zote zinapatikana pale". Ni kweli zinapatikana, lakini kwa muda utakaoupoteza pale mchana ungekuwa umeshafika uendako.

Hatua ya pili: muulize mwenyeji wako maswali manne

Yaandike majibu kwenye karatasi, maana simu huzimika. Kituo unachoshukia kiko barabara gani? Gari la kupanda limeandikwa wapi? Kituo cha kushuka kinaitwaje? Na kituo kilicho kabla yake kinaitwaje? Swali la nne wenyeji hawalitegemei, lakini ndilo litakalokuamsha mapema uanze kusogea mlangoni.

Chunga majina yanayofanana. Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, na kati yake ni safari nzima. Posta Mpya na Posta ya Zamani ni vituo viwili. Ubungo Maji si Ubungo Maziwa. Sinza ina vituo vya Mori, Kijiweni na Makaburini, na mtu akikuambia "shuka Sinza" hajakuelekeza. Mbagala vilevile: uliza kama ni Kizuiani au Rangi Tatu.

Halafu kuna hili linalowaumiza watu wenye shida kubwa kuliko zote. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina sehemu mbili: Upanga, karibu na katikati ya jiji, na Mloganzila, nje kabisa upande wa Kibamba. Anayetoka mikoani akashuka Stendi ya Magufuli ya Mbezi Luis akiwa na rufaa ya Mloganzila anatakiwa aende mbele kuelekea Kibamba, si kuingia mjini. Soma barua yako kabla hujatoka stendi. Kumburuza mgonjwa hadi Upanga na kumrudisha ni kumtesa bure.

Hatua ya tatu: kituoni

Daladala nyingi siku hizi ni Kosta na magari ya ukubwa huo. Kibao cha mbele kinaonyesha mwanzo na mwisho wa ruti, na ubavuni kuna mstari wa rangi unaotofautisha ruti. Rangi ni ya kukusaidia kuliona gari lako likiwa mbali, ila hakikisha kwa kusoma kibao. Maandishi hufupishwa: K/koo ni Kariakoo, G/Mboto ni Gongo la Mboto, R/3 ni Rangi Tatu, Simu 2000 ndiyo Mawasiliano.

Magari mawili yanaweza kuwa na mwisho mmoja na njia mbili, moja likapita Kawawa na jingine Mandela. Kwa hiyo usiulize tu "linakwenda Makumbusho?" Uliza "konda, unapita Buguruni?" ukitaja kituo chako mwenyewe.

Simama upande wa barabara ambao magari yanaelekea uendako. Kwa waliotoka Kongo, Rwanda au Burundi, kumbuka kwamba Tanzania magari yanatembea kushoto. Ukivuka, macho yaanze kulia. Barabara ya Kilwa na ya Morogoro zina njia za mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, katikati, na mabasi yake huja kwa kasi, tena kimya. Tumia vivuko vya watembea kwa miguu hata kama wenyeji wanakatiza.

Vituoni utakuta wapiga debe wanaita abiria. Kazi yao ni kujaza gari, na wakishalijaza hulipwa na konda. Wengi watakuonyesha gari lako vizuri tu. Lakini mizigo yako isibebwe na mtu ambaye hujamwomba, kwa sababu akishaibeba atadai malipo. Mtu mwema zaidi wa kumuuliza njia ni mwenye genge, mama anayeuza maandazi au wakala wa pesa za simu pale kituoni. Yuko hapo kila siku, hana haraka, na hana gari la kujaza. Msalimie kwanza. Ukimkuta mtu mzima, anza na shikamoo. Kwa rika lako, "samahani dada" au "habari kaka" inatosha, na utashangaa jinsi watu wa jiji hili wanavyoacha kazi zao kukuonyesha kituo.

Hatua ya nne: ndani ya gari

Saa za haraka watu hugombea mlango. Usigombee ukiwa na mtoto, mzee au begi kubwa. Subiri la pili au la tatu. Wenyeji wana njia nyingine: jioni hulidaka gari linapoelekea mwisho wa ruti, wanakaa, wanageuka nalo na kulipa nauli zote mbili. Kama una safari ndefu, mfano Kariakoo hadi Bunju, nauli hiyo ya ziada ni halali kabisa kwa saa nzima au zaidi ya kukaa.

Siti ya dirishani ina hewa, lakini kwenye foleni simu ikiwa mkononi dirishani inakwapuliwa. Piga simu gari likiwa linatembea, au usubiri ushuke. Begi la mgongoni lihamishie kifuani. Ile sehemu iliyo juu ya injini karibu na dereva ina joto kali, muachie aliyeizoea.

Nauli konda ataifuata mwenyewe. Utamsikia akigonganisha sarafu. Kuwa na noti ndogo, za 500, 1,000 na 2,000. Ukitoa noti ya 10,000 asubuhi kwa nauli ya mia kadhaa, chenji itachelewa na pengine utashuka bila kuipata. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Ilipotangaza viwango Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 iliwekwa shilingi 600, na mwanafunzi 200. Viwango hupitiwa upya, kwa hiyo muulize abiria wa jirani, "hadi Mwenge ni shilingi ngapi?", kabla konda hajakufikia. Lipa kiasi kilekile anacholipa jirani yako. Konda akikutajia zaidi, sema kwa sauti ya kawaida kituo unachoshukia na nauli uliyoambiwa. Mara nyingi abiria wenzako watamalizia maneno.

Nauli ndogo ya wanafunzi inawafanya makonda wengi wawazuie mlangoni. Ukiwa umesimama mlangoni na watoto wa shule wanajaribu kupanda, wasogezee nafasi. Wengine wameamka saa 10 alfajiri, na wakilikosa gari hilo watachelewa kipindi.

Gari likikatisha ruti, yaani konda akatangaza "mwisho hapa" kabla ya kufika, dai urudishiwe sehemu ya nauli au uhamishiwe gari jingine. Kibao kimeandikwa mwisho wa safari, na umelipia huko.

Hatua ya tano: kushuka

Konda hutaja kituo kinachofuata kwa kuuliza: "Bamaga wapo?" Kama ni chako, jibu kwa sauti, "Shusha!" au "Wapo!" Ukikaa kimya gari linapita. Ukiwa mgeni, mwambie konda mapema, "Kaka, mimi mgeni, naomba unishushe Sayansi," na umwambie pia abiria wa karibu, kwani konda ana watu wengi wa kukumbuka. Anza kusogea kituo kimoja kabla. Ukipitilizwa usifadhaike: shuka kinachofuata, vuka upande wa pili, panda gari lolote linalorudi.

Mwendokasi

Mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo. Barabara ya Kilwa nayo imejengewa njia hizo hadi Mbagala. Ubora wake ni kwamba basi lina njia yake peke yake. Foleni ikiwa imesimama kuanzia Manzese, wewe unapita.

Unalipa kabla ya kuingia. Dirishani taja kituo unachokwenda, na tiketi au kadi utakayotumia iwe tayari mkononi unapofika kwenye geti. Ndani, angalia maandishi ya mbele ya basi: Kivukoni, Gerezani na Morocco ni njia tatu tofauti. Uliza pia kama ni la kusimama kila kituo au la moja kwa moja, kwa sababu la moja kwa moja litaviruka vituo vidogo, pengine na chako. Kama huoni basi la kwenda tawi lako, panda linalokuja na ubadilishe Magomeni kwa wa Morocco, au Fire kwa wa Gerezani.

Udhaifu wake ni msongamano. Asubuhi Kimara watu hujaa hadi mlango haufungi, na wadokozi wanaijua hali hiyo. Fedha na kitambulisho viwe mfuko wa mbele. Jambo la pili ni mvua. Bonde la Msimbazi pale Jangwani hufurika, na likifurika barabara hufungwa na mabasi hayapiti. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usipange kuwahi ndege au treni kwa kutegemea Jangwani bila kuuliza kwanza hali ya barabara.

Safari moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Umeshuka Stendi ya Magufuli asubuhi, unakwenda Muhimbili ya Upanga. Stendi hiyo ilizinduliwa Februari 2021 na kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, kwa hiyo maelekezo ya ndugu aliyekuja zamani, "shuka Ubungo", yasikuchanganye. Baadhi ya kampuni bado zina ofisi zake Shekilango na Urafiki, na mabasi yao hufika huko, lakini muulize kondakta wa basi lako kabla hamjaingia jijini.

Toka nje ya stendi hadi barabara kuu. Panda gari hadi Kimara Mwisho, ingia mwendokasi wa kwenda Kivukoni au Gerezani, shuka Fire. Hapo uko kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na ya Umoja wa Mataifa. Aliye mzima anatembea hadi hospitali. Mwenye mgonjwa achukue bajaji, ni mwendo mfupi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa MOI ziko humohumo ndani ya eneo la Muhimbili, kwa hiyo mwambie dereva wa bajaji ni lango la wapi.

Anayetoka uwanja wa ndege na begi moja anaweza kutembea hadi Barabara ya Nyerere na kupanda daladala zinazotoka Gongo la Mboto. Mwenye mabegi matatu aagize gari kwa programu kama Bolt. Daladala haina mahali pa mabegi matatu, na konda atakutoza nafasi ya abiria.

Treni ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma, iliyoanza 2024, inaondokea Stesheni, katikati ya jiji. Wa Gongo la Mboto na Chanika waangalie kama treni yao inasimama Pugu, maana itawaondolea safari ya kuja mjini.

Bajaji na bodaboda

Daladala inakufikisha barabarani. Kutoka hapo hadi mlangoni ni kazi ya bajaji na boda. Patana bei kabla hujakaa, na kabla ya kupatana muulize mwenye duka, "kutoka hapa hadi shule ni kiasi gani?" Sehemu nyingi kuna bajaji za kuchangia zinazokwenda njia moja kwa nauli ya kichwa. Sema "napanda ya kuchangia", vinginevyo dereva atahesabu umeikodi peke yako.

Kwa bodaboda nina msimamo mkali: bila kofia ngumu yako kichwani, usipande. Usipande mkiwa watatu. Usipande kwenye barabara kuu za njia nyingi kama una muda wa kusubiri daladala. Dereva akikimbiza, mwambie "punguza mwendo, sina haraka", na asiposikia mwambie asimame, umlipe, ushuke. Mwanamke anayepanda usiku atumie boda wa kijiwe kinachojulikana na wenyeji wake, na asome namba ya pikipiki na kuituma nyumbani kabla hajaondoka.

Pantoni ya Kigamboni

Mwisho wa mwendokasi Kivukoni uko jirani na Feri, soko la samaki, na hapo ndipo pantoni inapovuka kwenda Kigamboni. Wa miguu wana mlango wao. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kusubiri ndiko kunakochukua muda, hasa jioni. Ngoja magari yatoke kwanza ndipo uingie, na ukiwa na watoto kaa mbali na njia ya magari. Ng'ambo utakuta daladala na bajaji za Mjimwema, Kibada na kwingineko. Anayetoka Temeke au uwanja wa ndege hana haja ya kuja Feri, kwani Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, linamvusha kupitia Kurasini.

Boti za Zanzibar ziko karibu na hapo, kando ya Posta ya Zamani. Tiketi nunua dirishani kwenye ofisi ya kampuni. Watu watakaokuzunguka njiani wakikuambia boti imejaa, endelea kutembea hadi dirishani ukaulize mwenyewe.

Saa za kutoka na saa za kurudi

Asubuhi, kuanzia saa 12 hadi saa 3, jiji lote linaingia mjini. Jioni, kuanzia saa 10 hadi saa 2 usiku, linatoka. Ukiweza kwenda kinyume cha mkondo huo utapata siti na barabara nyeupe. Miadi ya saa 2 asubuhi Posta, kwa mtu anayelala Mbagala au Tegeta, inamtaka atoke nyumbani saa 11 alfajiri. Kama miadi yako inaweza kusogezwa hadi saa 5, isogeze.

Ukitaka kujifunza njia kabla ya siku ya usaili au ya kliniki, ifanye Jumapili asubuhi. Barabara ziko wazi, makonda wana muda wa kukujibu, na vituo vyote utavisoma kwa majina.

Usiku magari hupungua na makonda hupandisha nauli. Ruti ndefu hukatishwa pia, kwa hiyo saa 4 usiku usikubali kushushwa njiani mahali usipopajua. Baki ndani ya gari hadi kituo kikubwa chenye taa na watu, Mwenge, Ubungo, Buguruni au Rangi Tatu, na upigie simu ukiwa umesimama ndani ya duka lililo wazi, na mwenyeji wako akufuate hapo.